Maji ya Ruiru Huchemka Tisini na Tano

Leila Tahir alikuwa na sahihi mbaya. Ilianza kwa L kubwa kama ndoano na kuishia kwa mkwaruzo ambao hata mwenyewe hangeweza kuusoma. Lakini katika kiwanda kidogo cha maziwa cha Bi Warigia, hapo Ruiru, bila mkwaruzo huo hakuna pakiti iliyotoka mlangoni. Kila tangi lilipopashwa moto, fomu moja ilijazwa: maziwa yamefika joto gani, na yamekaa hapo dakika ngapi. Sitini na tatu kwa nusu saa. Chini ya hapo, vijidudu vilivyotoka zizini vinaendelea kuishi raha mustarehe. Fomu ikishatiwa sahihi, kreti zinapakiwa kwenye pikapu na kupelekwa shule za chekechea za Githurai 45, ambako watoto wa miaka mitatu na minne hunywa kesho yake saa nne asubuhi na kubaki na masharubu meupe.

Miaka minne Leila alikuwa akipima kwa kipimajoto cha kioo. Siku moja kikavunjikia ndani ya tangi, na maziwa yote ambayo wafugaji wa Theta na Murera walikuwa wameleta alfajiri yakamwagwa mtaroni. Warigia alilia machozi ya kweli kweli. Kesho yake akaagiza kipimajoto cha kidijitali: kisanduku cha manjano kinachoenea kiganjani, chenye kidirisha cha namba na waya mrefu mwembamba. Waya wenyewe ni nyuzi mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, na ncha hiyo ndiyo inayoonja joto. Hakuna kioo, hakuna cha kuvunjika. Ilibaki tu kuhakikisha kwamba kinasema kweli, na kwa kazi hiyo akaitwa Injinia Bedan kutoka Thika.

Bedan alifika Jumatatu asubuhi na sanduku lake la vyuma. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono mizito, masharti mengi. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye kiwanda kimoja kule Changamwe, Mombasa, na hakuna aliyekaa naye dakika tano bila kuambiwa hivyo. Aliomba birika la umeme, akalijaza maji, akangoja yachemke mpaka mvuke ukapiga dari, kisha akatumbukiza ncha ya waya. Wote wanne walikodolea kidirisha macho: Bedan, Warigia, Leila, na Mwas, kijana anayeendesha tangi.

Namba zilipanda mbio, zikaanza kusitasita, zikasimama. Tisini na tano.

"Si mnaona?" Bedan akasema, kama mtu aliyemshika mwizi. "Hii kitu inadanganya na digrii tano. Maji yakichemka ni mia. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Injinia," Leila akasema, "huku kwetu maji hayafiki mia. Tuko juu. Yanachemkia kwa tisini na tano, hapo hapo."

Bedan alimgeukia polepole. "Huku kwenu wapi?"

"Ruiru. Thika. Huku."

"Kwani maji ya Ruiru ni ya kabila gani?"

Mwas aliangua kicheko, na hata Warigia akatabasamu. Bedan aliona ameshinda, akaongeza: "Msichana wangu, wewe na hilo jina lako ni mtu wa Pwani. Mimi nimekaa huko kwenu miaka kumi na mbili. Kila kipimajoto nilichopima Changamwe kilisoma mia. Kila moja! Kama haisomi mia, unaisaidia."

Leila alizaliwa Majengo, Thika, na Pwani alikuwa ameenda mara mbili tu maishani, zote kwa matanga. Alimtazama Bedan akibonyeza vitufe mpaka kisanduku kikakubali kuongeza digrii tano juu ya kila kinachoonja. Maji yakasoma mia. Bedan akabandika stika ya kijani, IMEHAKIKIWA, akaweka tarehe, akanywa chai, akaenda zake.

Na hapa ndipo Leila alipojikosea mwenyewe. Moyoni alijua, lakini alijua nusu nusu. Pengine kifaa kweli kina kasoro. Pengine mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili anaona kitu asichokiona yeye. Pengine, na hili ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, alichoka kuchekwa. Maziwa yalipofika sitini na tatu kwenye kidirisha akaandika sitini na tatu, akachora ndoano yake na mkwaruzo wake. Jumanne akarudia.

Jumanne hiyo jioni alimkuta mama yake, Zainab, amesimama mbele ya jiko akigombana na sufuria. Zainab ndiye mtu wa Pwani hasa. Aliolewa kutoka Mombasa, na hakuwahi kuisamehe bara.

"Tangu saa nane!" alisema, akikoroga maharagwe kwa hasira. "Miaka thelathini naishi huku, na miaka thelathini maharagwe yananidharau. Kwetu, ukishaswali adhuhuri unayaweka, alasiri yashakuwa uji. Sufuria ni ile ile, moto ni ule ule, mpishi ni yule yule. Maji ya huku yanatoa povu tu, joto hayana!"

Leila alisimama na kikombe mkononi. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni, kiasi kwamba hakuyasikia tena. Sasa yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni.

"Mama, sema tena."

"Nini?"

"Hayo ya joto."

"Nimesema hayana joto! Yanachemka bure!"

Leila aliingia chumbani, akavuta sanduku la chini ya kitanda na kutafuta daftari lake la chuo. Lilikuwa limeliwa na mende pembeni, lakini jedwali lilikuwapo, kwa mwandiko wake mwenyewe: usawa wa bahari, mia. Mita elfu moja na mia tano, tisini na tano. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji, nayo yanachemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. Bedan hakuwa mwongo. Alikuwa amepima kwa ukweli wa Changamwe, kisha akaupandisha mlima bila kuuliza.

Halafu akapiga hesabu ambayo alikuwa ameikwepa siku mbili. Kama kisanduku kilikuwa kinaongeza tano, basi sitini na tatu ya Jumatatu ilikuwa hamsini na nane. Na ya Jumanne vile vile. Alikaa kitandani akaona aibu, na baada ya aibu akaona hasira, na hasira ikamfaa zaidi.

Jumatano saa tatu asubuhi tangi lilikuwa limemaliza nusu saa yake. Mwas alimletea fomu na kalamu kama kawaida.

"Sitii sahihi," Leila akasema.

"Acha mchezo. Pikapu iko gate, dere ananichoma na hooter."

"Mwas, haya maziwa ni hamsini na nane. Sitii."

Mwas alikwenda kumwita Warigia, na Warigia akaja na Bedan nyuma yake, maana siku hiyo injinia alikuwa amerudi kutengeneza pampu. Warigia alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini. Kiwanda alikuwa amekianzisha kwa ng'ombe wawili na sufuria, na aliyemchezea kiwanda alimchezea roho.

"Leila, nini mbaya?"

"Kipimajoto kinadanganya, Madam. Kilikuwa sawa mpaka Injinia alipokisaidia."

"Haiya!" Bedan akasema.

"Naweza kuwaonyesha. Barafu ikiyeyuka ni sufuri, iwe Changamwe, iwe Ruiru, iwe kileleni mwa mlima Kirinyaga. Haijali uko juu au chini. Kifaa kikiwa kizima, kwenye barafu kitasoma sufuri. Hiki kitasoma tano."

Alikimbilia friza ya chumba cha yogati, akarudi na vipande sita vya barafu kwenye glasi ndefu ya maji. Akatumbukiza waya mpaka chini. Namba zikateremka: kumi na nane, kumi na mbili, kumi. Zikasimama kwenye tisa.

Leila aliiangalia ile tisa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

Bedan hakucheka mara moja. Alingoja kwanza, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umesema sufuri," akasema. "Halafu ukasema tano. Sasa ni tisa. Tuchague gani, ama tupige kura?"

"Leila," Warigia akasema, "mimi nina shule nne zinangoja. Weka sahihi hapo, ama uvue hiyo koti uache Mwas aweke yake."

Angeweza kuchukua kalamu. Ilikuwa pale, mkononi mwa Mwas, na mkwaruzo mmoja ungemaliza yote. Badala yake aliinama, akatazama glasi kwa ubavuni. Barafu ilikuwa inaelea juu, vipande sita vimesongamana kama watu kwenye kivuli kimoja. Ncha ya waya ilikuwa chini kabisa, kwenye maji matupu, mbali na barafu.

"Kosa ni langu," akasema.

"Asante," Bedan akasema.

"Kosa la kupima, si la kusema. Nimepima maji, sikupima barafu. Nipeni dakika kumi. Injinia, niazime nyundo."

"Nyundo yangu?"

"Si unaamini kifaa chako? Basi unaogopa nini?"

Bedan alimkazia macho, kisha akainama akatoa nyundo. Leila alileta barafu yote iliyobaki kwenye friza, akaifunga kwenye aproni safi, akaiweka sakafuni, akaipiga. Aliipiga kwa ajili ya Jumatatu, akaipiga kwa ajili ya kabila la maji, akaipiga kwa ajili ya mkwaruzo wake mwenyewe mara mbili, mpaka ikawa chengachenga. Akaishindilia kwenye chupa ya chai mpaka juu, akamimina maji baridi kidogo tu, ya kujaza nafasi, hakuna kinachoelea wala kuzama. Akasukuma waya hadi katikati, mbali na kuta za chupa, akaanza kukoroga taratibu.

"Sasa tungoje," akasema. "Wala mtu asiguse."

Pikapu ilipiga honi huko nje. Hakuna aliyegeuka. Kumi na tano. Kumi na moja. Nane. Sita. Tano nukta nne. Tano nukta moja. Tano.

Walingoja dakika nyingine mbili. Tano haikutikisika.

"Manze," Mwas akanong'ona.

"Ondoa tano zako, Injinia," Leila akasema.

Bedan alichukua kisanduku. Vidole vyake vizito vilihangaika kwenye vitufe, kisha kidirisha kikaandika sufuri. Aliuchomoa waya, akaupangusa kwa shati lake, akaurudisha mwenyewe katikati ya barafu kana kwamba hamwamini hata Leila aliyeiandaa. Sufuri. Akaenda kwenye birika, akayachemsha maji upya, akapima. Tisini na tano. Akarudi kwenye barafu. Sufuri tena.

"Changamwe ilikuwa mia," alisema, lakini sasa alikuwa anajiambia mwenyewe.

"Changamwe uko na bahari hapo mlangoni. Huku umepanda mlima, ni vile barabara haikukuonyesha. Mama yangu anajua. Muulize kuhusu maharagwe."

Bedan alikigeuza kisanduku. Halafu, na Leila alimheshimu kwa hilo tangu siku hiyo, aliweka ukucha chini ya stika ya kijani, akaibandua, akaikunja na kuitia mfukoni. "Nilipima upande mmoja tu," akasema. "Hata sikufikiria barafu."

Warigia alishusha pumzi. "Mwas, rudisha moto. Mpaka sitini na tatu ya ukweli. Mwambie huyo dere azime hiyo takataka angoje. Leila, njoo ofisini."

Ofisini palikuwa na meza, kalenda na ukuta wa mbao nyembamba. Warigia alifunga mlango, akaketi, na sauti yake ikawa laini.

"Umefanya poa. Sikatai. Sasa hiyo maneno imeisha, sindio? Leo tunaanza vizuri."

"Na Jumatatu na jana?"

"Hizo zilienda."

"Nilitia sahihi sitini na tatu. Zilikuwa hamsini na nane."

"Watoto wamekunywa ya Jumatatu na hakuna simu hata moja nimepata. Leila, sikia mimi kama mama. Fomu ziko sawa. Ziache vile ziko. Ukizigusa, si mimi nitaharibikiwa kwanza. Sahihi ni yako."

"Ndiyo maana nazigusa."

Faili ilikuwa rafuni nyuma yake. Leila aliivuta, akatoa fomu mbili, akachukua kalamu nyekundu juu ya meza. Akakata 63 ya Jumatatu, akaandika 58. Akakata ya Jumanne, akaandika 58. Pembeni ya kila moja akachora ndoano na mkwaruzo, mkubwa kuliko yote aliyowahi kuchora.

"Wewe!" Warigia alisimama. "Unataka kunifungia kiwanda?"

"Nataka sahihi yangu iseme ukweli. Nimeidanganyisha mara mbili, yatosha."

Alitoa simu kabla ujasiri haujamtoka, akampigia Mwalimu Dorine wa shule ya kwanza kwenye orodha, akaweka sauti ya nje.

"Mwalimu, ni Leila wa maziwa. Yale ya jana yako wapi?"

"Yako kwa fridge. Tunawapa saa nne. Kwani?"

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

"Usiwape. Hayakupata moto wa kutosha. Hata ya Jumatatu hayakupata. Mtoto yeyote akiumwa tumbo au akiharisha wiki hii, apelekwe hospitali na mniambie."

"Ngai! Na nakala ya fomu mlileta? Si iliandikwa sitini na tatu?"

"Iliandikwa. Mimi ndiye niliyeandika. Nilikosea, na nimeirekebisha."

Alipokata simu, Warigia alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. "Vua koti," alisema. "Uende nyumbani."

"Nitaenda. Lakini sasa hivi tangi liko motoni, na hakuna mwingine hapa anayejua kupima kwa kile kitu. Nikimaliza nusu saa yangu, nitavua."

Akatoka bila kungoja ruhusa.

Mwas alikuwa amesimama kando ya tangi, macho kwenye kidirisha. Bedan alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la vyuma, pampu ameisahau. Maziwa yalifika sitini na tatu nukta nne saa tatu na dakika hamsini, na Leila akaandika saa hiyo kwenye fomu mpya. Akakunja mikono. Kupitia ukuta wa mbao alisikia sauti ya Warigia, mwanzo kali, halafu imekwama, halafu ya chini: "Hallo, mwalimu? Ni Warigia wa maziwa. Hayo ya jana..." Ikanyamaza. Ikaanza upya, shule nyingine. Mara tatu. Leila hakutabasamu. Alifikiria masharubu meupe ya maziwa ya Jumatatu, na hilo hakuna simu ingeweza kulirudisha nyuma.

Mlango wa ofisi ulifunguka. Warigia alikuja hadi kwenye tangi, uso umemshuka, simu ingali mkononi.

"Shule tatu zimekataa," akasema. "Hazitaki kutuona."

Bedan aliinuka kutoka kwenye sanduku lake.

"Dorine amepiga tena. Ameuliza haya ya leo nani ataweka sahihi." Akaitazama kalamu mkononi mwa Mwas. "Amesema kama ni yule msichana amempigia, alete. Kama ni mtu mwingine, nisijisumbue."

Mwas alitazama sakafu ili asionekane anacheka. Bedan alikikohoa kicheko chake ndani ya kiganja.

"Basi weka," Warigia akasema. Alichukua kalamu kutoka kwa Mwas, akamnyooshea Leila mwenyewe. "Weka, pikapu iende."

Leila aliangalia kidirisha. Sitini na tatu nukta mbili. Akaangalia saa ya ukutani. Aliiacha kalamu ikining'inia mkononi mwa Warigia.

"Bado dakika nne," akasema.